Anayevua Barakoa Ana Sababu Yake

"Ajali haina kinga" ni maneno mazuri ya kumpa pole aliyefikwa. Kazini yamegeuka kichaka cha kujifichia, hasa kwa anayenunua vifaa vya kinga bila kujiuliza vinakinga nini. Mtu akiumia, swali la kwanza huwa: alikuwa amevaa? Mimi ningeanza na jingine: alipewa nini, na kilimkaa?

Sehemu nyingi hununua kwa orodha. Kofia ngumu, glovu, buti, rifleksa, barakoa. Kila kitu boksi moja, saizi moja, mradi fundi asionekane mtupu. Ununuzi wa hivyo umeanzia dukani, wakati ulitakiwa kuanzia kwenye kazi yenyewe: ni kitu gani hapa kinaweza kumdhuru mtu, kinamwingilia wapi, na anakaa nacho saa ngapi? Hata kabla ya hapo kuna la kuuliza: je, hatari yenyewe haiondoleki? Msumeno wa kukatia mawe ukimwagiwa maji wakati unakata, sehemu kubwa ya vumbi inakufa palepale kwenye diski, kabla haijafika puani kwa yeyote. Barakoa humkinga aliyeivaa peke yake, tena akiivaa sawasawa.

Na kwenye barakoa ndiko makosa yalikojaa. Fundi wa kupaka rangi anayetumia thina hupewa barakoa ya vumbi. Inanasa matone ya rangi, lakini mvuke wa thina unapita kana kwamba hakuna kitu. Huyu anahitaji barakoa ya mpira yenye kichujio cha mvuke. Kwa alama za Ulaya ni aina A, mstari wa kahawia, na akipuliza kwa bomba aongezewe kichujio cha chembe, P, mstari mweupe. Amonia ina chake, K, kijani. Kichujio cha aina yoyote hakitengenezi oksijeni. Ndani ya tangi au kisima ambamo oksijeni imeshuka chini ya asilimia 19.5, aliyevaa kichujio hana kinga zaidi ya asiyevaa kitu, na ikizidi kushuka watazimia wote wawili. Humo mtu anaingia na hewa ya mtungi au ya bomba kutoka nje.

Tuseme aina ni sahihi, FFP2 kwa vumbi, yaani daraja la kati la barakoa za vumbi kwa alama za Ulaya. Bado kuna kuivaa. Kamba ya juu inakaa utosini, ya chini inapita shingoni chini ya masikio, wala zisipishane. Kipande cha bati cha puani kifinyangwe kwa vidole vya mikono miwili, kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukikibana kwa mkono mmoja kinakunjika ncha na kuacha upenyo kila upande wa pua. Kisha funika barakoa kwa viganja na utoe pumzi kwa nguvu. Ukihisi hewa machoni, imevuja juu. Uvujaji huohuo ndio unaotia ukungu kwenye miwani, na mtu asiyeona ataivua miwani hiyo. Msimamizi anafoka kuhusu miwani, kumbe ubovu uko kwenye barakoa. Ndevu nazo, hata vinyweleo vya siku mbili, huachanisha ukingo wa barakoa na ngozi. Asiyenyoa atafutiwe kofia ya kufunika kichwa kizima yenye feni ya kusukuma hewa safi. Kumgombeza hakuzibi upenyo.

Masikio yana hesabu ambayo wengi hawaijui. Kelele hupimwa kwa desibeli. Kikomo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa moja. Sasa chukua kizibo cha sikio kinachopunguza desibeli 30 na ukitoe kwa dakika 48 tu kati ya saa hizo 8, ukisalimiana na kupokea simu palepale penye kelele. Faida ya siku nzima inashuka hadi desibeli 10 hivi. Ndiyo maana kizibo cha wastani kinachovumilika kutwa ni bora kuliko kikali kinachochomolewa kila dakika, tena kikali mno humzuia mtu asisikie honi ya foklifti. Cha sponji kisokotwe kiwe chembamba, sikio livutwe juu na nyuma kwa mkono wa pili, kisha kishikiliwe ndani nusu dakika kinapotanuka. Kikiwa nusu nje, ni pambo.

Glovu nitazitaja kwa ufupi, ingawa zinaponza wengi. Nitraili, aina ya mpira wa viwandani, hustahimili mafuta vizuri lakini asetoni huipenya haraka, na huoni tundu lolote. Mpira wa kawaida huharibiwa na petroli. Kwenye mashine ya kutoboa chuma au ya kukereza, glovu ivuliwe kabisa. Inayoshikwa na kekee huvuta mkono mzima.

Kwa wanaofanya kazi juu, ukanda wa mwili mzima unampa mtu moyo kuliko unavyostahili pale anapofunga kamba yake usawa wa miguu. Piga hesabu: kamba mita 2, kifyonza mshtuko kinaweza kufunguka hadi mita 1.75, kutoka pete ya ukanda mgongoni hadi nyayo mita 1.5, akiba mita 1. Jumla ni mita 6.25 chini ya pale alipofunga. Aliye mita 4 kutoka ardhini atatua kabla kamba haijamaliza kazi yake. Afunge juu ya kichwa, au atumie kamba fupi zaidi. Na ukanda uliokwisha kuzuia mtu mmoja asianguke haurudishwi stoo.

Kabla ya kuagiza, leteni aina mbili tatu na saizi zote, watakaovaa wavijaribu zamu nzima, tena vyote kwa pamoja. Kifaa kizuri peke yake huharibiwa na jirani yake: mkono mnene wa miwani huinua mto wa kifuniko cha masikio, na kelele inaingia kwenye hicho kiupenyo. Mwenye miwani ya namna hiyo apewe vizibo vya sponji.