Fedha za Ligi Kuu zimepanda, nani anapewa jezi?

Msimu wa 2018/19 Ligi Kuu Tanzania Bara ilichezwa bila mdhamini mkuu. Timu zilikwenda Bukoba na Mbeya kwa basi, zikitegemea mapato ya mlangoni na mifuko ya viongozi wao. Mei 2021 Azam Media na Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) wakasaini mkataba wa haki za matangazo ya televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Mwaka huohuo benki ya NBC wakaingia kama mdhamini mkuu. Ukiigawa ile Sh225.6 bilioni kwa miaka 10, halafu kwa timu 16, unapata kama Sh1.4 bilioni kwa timu kwa msimu. Hakuna klabu inayopokea hesabu hiyo kama ilivyo, kwa sababu mgawanyo una ngazi zake na bingwa peke yake alitengewa Sh500 milioni. Lakini inatosha kuonyesha kwamba soka letu limehama mtaa.

Sasa kila dirisha la usajili likifunguliwa, vijiwe vya Dar vinagawanyika. Kuna wanaosema fedha zimekuja, leteni vifaa, yaani wachezaji, vilivyo tayari, habari ya kulea ni ya wenye shida. Wengine wanasema fedha hizi zinatumika kumwondoa mzawa uwanjani, na tukija kushtuka timu ya taifa, Taifa Stars, haina mtu. Pande zote mbili zina hoja. Tatizo langu nao ni kwamba wanazungumzia fedha kama vile ni fungu moja, wakati klabu za Kariakoo, Simba na Yanga, na klabu ya nafasi ya 12 zinaamua usajili kwa kuangalia mafungu tofauti kabisa.

Tuanze na wakubwa. Kwa viwango ambavyo Shirikisho la Soka Afrika (CAF) ilivitangaza 2023, kuingia tu makundi ya Ligi ya Mabingwa kuna dola 700,000, na robo fainali dola 900,000. Hiyo ya makundi pekee ni zaidi ya Sh1.7 bilioni, yaani inapita ule wastani wa televisheni nilioupiga hapo juu. Kwa hiyo kamati ya usajili ya Jangwani (Yanga) au Msimbazi (Simba) inapokaa Juni, haiwazi Tanzania Prisons. Inawaza Al Ahly, Mamelodi Sundowns na Berkane. Kikosi kinachohitajika kuifunga timu ya mkiani hapa nyumbani kinaweza kupatikana kwa wazawa na mapro, yaani wachezaji wa kigeni, watatu. Kikosi cha kwenda Cairo kurudi na pointi ni habari nyingine, na mechi za kukiandaa ni chache mno kumsubiri kijana akomae.

Matokeo yake yapo. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 na ikalikosa kwa bao la ugenini tu mbele ya USM Alger. Simba ikafika fainali hiyohiyo 2025 dhidi ya Berkane. Ruhusa ya wageni nayo ilipanda sambamba: ilikuwa 7 mwaka 2015, ikaja 10, sasa ni 12. Anayesema mapro hawajatufikisha popote hatazami mpira wa Afrika, au anatazama ule wa Jumamosi wa Uingereza peke yake.

Ila nenda langoni. Hapo ndipo hoja ya upande wa pili inapouma. Kipa ni nafasi ya mtu mmoja, haina mzunguko. Beki wa kati akikosa nafasi leo ataingia kesho mwenzake akipata kadi, kipa namba mbili anaweza kumaliza msimu bila kuchafua soksi. Yanga ilimleta Djigui Diarra kutoka Mali mwaka 2021, na tangu hapo lango likawa lake. Simba, iliyokuwa na Aishi Manula kwa miaka, ilimsajili Ayoub Lakred wa Morocco 2023 na mwaka uliofuata Moussa Camara wa Guinea. Azam nao wakamchukua Mohamed Mustafa wa Sudan. Klabu tatu zenye uwezo zaidi, makipa watatu wa kigeni. Kila klabu ilifanya uamuzi sahihi kwa maslahi yake, na jumla ya maamuzi hayo sahihi ikawa mzawa hadaki mechi kubwa. CHAN ya Agosti 2025, ambayo ni ya wachezaji wa ligi za ndani tu, Stars ilifika robo fainali na golini alikuwa Yakoub Suleiman, aliyetokea JKT Tanzania. Alipata dakika zake kwenye timu ambayo haikuwa na fedha ya kumnunua Diarra.

Hapo ningekubaliana na walalamikaji, kama wasingepitiliza hadi mabeki na washambuliaji. Ibrahim Bacca alitoka KMKM ya Zanzibar akaingia Yanga Januari 2022, katikati ya wimbi la mapro, akawa beki wa kutegemewa. Clement Mzize alipandishwa kutoka timu ya vijana ya Yanga akajifunzia mazoezini kwa Fiston Mayele. Mzawa mwenye uwezo amefaidika kwa kucheza na watu waliomzidi. Aliyeumia ni yule wa katikati, ambaye zamani angekuwa namba 14 wa Simba akila mshahara wake taratibu. Sijui kama tunapaswa kumlilia sana.

Kuna jambo ambalo vijiweni halizungumzwi kabisa: sarafu. Mkataba wa televisheni ulitangazwa kwa shilingi, lakini pro anayetoka Abidjan au Lusaka anajadili mshahara kwa dola. Mwaka 2021 dola ilikuwa kama Sh2,300. Mwaka 2024 ilipita Sh2,700. Mchezaji yuleyule, mshahara uleule, na klabu imeongezewa mzigo bila kumsajili mtu. Simba na Yanga wana dola za CAF za kuziba pengo, na mara mojamoja wanauza: Luis Miquissone alikwenda Al Ahly 2021, Mayele akaenda Pyramids 2023, Aziz Ki akaenda Wydad 2025. Klabu ya mkoani iliyoiga kusajili mapro tisa haina kombe la Afrika wala mteja wa Cairo. Ndiyo maana orodha ya FIFA ya klabu zilizofungiwa kusajili kwa sababu ya madeni imekuwa haiishi majina ya kwetu.

Fedha ikipanda, kitu cha kwanza kuzeeka ni mikataba iliyosainiwa kabla. Sakata la Feisal Salum 'Fei Toto', kiungo wa Yanga, linalieleza hili vizuri kuliko takwimu yoyote. Desemba 2022 Fei Toto aliweka Sh100 milioni za kuvunja mkataba pamoja na Sh12 milioni za mishahara ya miezi mitatu, akasema ameondoka Yanga. TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, ikaja mivutano ya miezi, na Juni 2023 akauzwa Azam. Watu walibishana nani ana adabu na nani hana. Mimi niliona hesabu: Sh4 milioni kwa mwezi ni mshahara wa soko la zamani, kwa mchezaji ambaye soko jipya lilikuwa limeshampandisha. Msimu wake wa kwanza Chamazi, nyumbani kwa Azam, alifunga mabao 19, mawili nyuma ya Aziz Ki aliyekuwa mfungaji bora. Klabu iliyokuwa ikihangaika kutafuta vifaa nje ilikuwa imesahau kupitia upya mkataba wa kifaa ilichokuwa nacho ndani.

Kwa klabu ndogo, ambako ndiko ligi ilipo hasa, mapato yanafanya kazi kwa namna isiyotarajiwa. Ungedhani timu yenye uhakika wa fungu la televisheni itakuwa na subira. Na kwa upande mmoja ni kweli: klabu isiyo na njaa haimwachii mshambuliaji wake kwa bei ya nauli Desemba, inaweza kusema ngoja dirisha kubwa. Lakini kadiri Ligi Kuu inavyolipa, ndivyo kushuka kunavyotisha. Mtibwa Sugar, bingwa wa 1999 na 2000, alishuka 2024. Kagera Sugar akafuata 2025. Mwenyekiti aliyeona hayo hatampa jezi kijana wa miaka 19 mwezi Machi akiwa nafasi ya 14. Atamtafuta mkongwe wa miaka 32 aliyepewa mkono wa kwaheri na klabu kubwa, mkataba wa miezi sita, au atachukua wa mkopo kutoka kwa wakubwa walewale anaopaswa kushindana nao. Huyo wa mkopo akiwika, anarudi kwao. Klabu imebaki kwenye ligi, lakini haina mchezaji wa kuuza.

Kwa hiyo mimi nisingegusa ile idadi ya 12 kwa klabu zinazocheza Afrika. Kuipunguza ni kuzikata miguu timu mbili tatu ambazo matokeo yake ndiyo yaliyotupa nafasi nne za CAF, ili kumfurahisha mtu wa redioni. Ningeanzia chini. Klabu isiyocheza mashindano ya CAF ianze na mapro watano, na kila nafasi ya ziada iombwe kwa kuonyesha kwamba mishahara ya msimu uliopita imelipwa hadi wa mwisho, akiwemo kocha aliyefukuzwa. Na sehemu ya fungu linalogawiwa kwa nafasi ya timu kwenye msimamo, hasa kuanzia ya nane kushuka, igawiwe kwa dakika walizocheza vijana chini ya miaka 21 waliosajiliwa moja kwa moja na klabu, wa mkopo wasihesabiwe.

Najua jibu la viongozi wa klabu hizo: timu itajaza vijana mechi mbili za mwisho ili kukusanya dakika. Watajaribu, hatukosi wajanja. Dakika za raundi tano za mwisho zisihesabiwe basi. Kwa makipa ningehesabu kila dakika mara mbili, maana huko ndiko mlango umefungwa zaidi, na JKT Tanzania imeshatuonyesha kwamba timu ndogo inaweza kumtoa kipa wa taifa bila kumwaga mabilioni.