Kabla ya Kumlaumu Mpishi, Muulize Muuza Mchele

Mwezi Juni mdogo wangu alipika wali wa kipaimara cha mtoto wa shemeji yake, pale Nyakato. Kilo kumi na tano, masufuria mawili makubwa, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Alipofunua, nusu ya punje zilikuwa zimeshakuwa bokoboko, na nusu ukizibana kwa vidole unakuta kiini kigumu cheupe katikati. Wageni walikula hivyo hivyo na mchuzi wao wa kuku. Lakini jikoni maneno yalisemwa. "Huyu hakufundwa." "Kwao Kwimba wanalima mpunga, wanashindwaje kuupika?" Mdogo wangu alilia njia nzima tukirudi. Mimi nilibeba mchele uliobaki kwenye mfuko, kama kilo moja hivi.

Kesho yake niliumwaga kwenye ungo nikakaa nao mlangoni penye mwanga. Nilichambua vikombe viwili, punje kwa punje, mpaka mgongo ukauma. Yakapatikana mafungu matatu. Fungu la kwanza punje ndefu, nyembamba, ukizinyanyua juani zinapitisha mwanga kama kioo. La pili punje fupi nene, nyingi zina tumbo jeupe kama chaki. La tatu lilikuwa chenga tu. Nikachukua mafungu mawili ya mwanzo, nikayapika kwenye visufuria viwili, kikombe kwa kikombe, maji sawa, moto sawa. La kwanza liliiva na kuchambuka vizuri. La pili maji yalikauka kiini bado kipo, nikaongeza maji mara mbili ndipo likakubali. Sasa niambieni, mtu anayepika hayo yote kwenye sufuria moja afanye nini? Akisubiri la pili liive, la kwanza limeshakuwa uji.

Ndiyo maana naandika. Mjini kwetu Mwanza wali ukiharibika tunamtazama mpishi, na mara nyingi mpishi huyo ni mke mgeni au binti wa kazi, mtu asiye na pa kujitetea. Wakati mambo mengi yanayoamua wali utakuwaje yameshamalizika kabla mchele haujafika jikoni kwake. Mengine yalimalizika siku mbegu ilipochaguliwa.

Ndani ya punje kuna wanga, na wanga wa mchele umejengwa na vitu viwili: amilosi, ambayo ni minyororo iliyonyooka, na amilopektini, ambayo ina matawi mengi. Amilosi ikizidi asilimia 25, wali unachambuka sana lakini ukipoa unakakamaa. Kiporo chake asubuhi na chai unakitafuna kama mahindi makavu. Ikiwa kidogo, wali unashikana. Ule mchele wa kunata wanaoula watu wa Laos kwa mkono karibu hauna amilosi kabisa. Huku kwetu tunapenda wa katikati, asilimia 20 hadi 25, unaochambuka ukiwa wa moto na kubaki laini hata kesho yake. Kinachopanga kiasi hicho hasa ni jeni moja, yaani kipande cha urithi wa mmea, inayoitwa Waxy, iliyoko kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 6 ya mpunga. Kwenye kromosomu hiyo hiyo ipo jeni nyingine inayoamua wanga uanze kulainika kwenye joto gani, na kati ya aina moja ya mchele na nyingine joto hilo linatofautiana kuanzia nyuzi 55 hadi 79 hivi za Selsiasi. Mchele unaolainika kwa joto la juu unadai maji zaidi na muda zaidi. Tofauti ya namna hiyo ndiyo niliyoiona mimi kwenye visufuria vyangu viwili.

Na ile harufu ya Supa, mbegu yetu ya mpunga unaonukia, harufu inayoita majirani, nayo ina asili inayonishangaza kila nikiifikiria. Mpunga wa kawaida una jeni inayofanya kazi, BADH2, iliyoko kwenye kromosomu ya 8. Katika mpunga unaonukia jeni hiyo imeharibika. Kwa sababu imeharibika, mmea unakusanya kemikali ambayo kwa kawaida isingejikusanya, na kemikali hiyo hiyo ndiyo inayozipa bisi harufu yake. Kwa hiyo harufu haitiwi na mpishi, wala hairudishwi na iliki.

Tusidhani lakini kwamba mbegu nzuri inatosha. Nimekulia kwenye majaruba ya kungoja mvua. Mvua ikichelewa, miche inachelewa kuhamishwa kitaluni, na punje zinakuja kujaa wakati maji yamekwisha jarubani. Punje inayojazwa kwa shida, au inayojazwa katika usiku wenye joto kali, wanga wake haupangiki ukabanana, unaacha nafasi za hewa. Ndilo lile tumbo jeupe. Punje ya namna hiyo ni dhaifu, ikifika kwenye mashine ya kukoboa inavunjika. Mbegu ile ile, jaruba lile lile, mwaka huu inatoa mchele safi na mwaka ujao nusu chenga.

Halafu kuna kuanika, na hapa ndipo naona tunaharibu zaidi ya kitu kingine chochote. Mpunga unafaa kuvunwa ukiwa bado na unyevu wa asilimia 20 hadi 25, kisha ukaushwe polepole hadi 14 hivi. Ukiachwa shambani ukakauka kabisa, usiku unanyonya umande, mchana unakauka tena, na punje inapasuka ndani kwa ndani huku maganda yake yakionekana mazima. Marehemu baba alikuwa anatwambia tuutandaze mwembamba juu ya turubai na kuugeuza kwa miguu, mistari mistari kama matuta, na jua la saa saba likichoma sana tunauchanga na kuufunika. Tulimwona anatutesa. Siku hizi napita barabarani naona mpunga umemwagwa kwenye lami asubuhi, jioni unafungwa kwenye magunia, na usiku huo huo uko mashineni. Lazima utoke chenga. Na chenga zikiingia sufuriani zinaiva upesi, zinaachia wanga kwenye maji, na wanga huo ndio unaozigandisha hata punje nzima zilizo jirani.

Umri wa mchele nao. Kila mama wa Kanda ya Ziwa anajua mchele mpya unataka maji kidogo. Mchele ukikaa miezi kadhaa stoo, mafuta na protini zake zinabadilika, punje inakuwa ngumu kupasuka, inanyonya maji mengi na kuvimba bila kunata. Unapoteza harufu kidogo, unapata mchambuko. Mimi nachagua wa zamani kwa pilau na mpya kwa wali wa nazi, na sidhani nitabadilika.

Nasikia watu wakilaumu mbegu za kisasa, kwamba zimetuletea mchele usio na ladha. Lawama hiyo ina historia yake. Mwaka 1966 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga ya Ufilipino, IRRI, ilitoa mbegu ya IR8. Ilizaa kuliko zilizotangulia, ikajaza maghala Asia, lakini wali wake ulikuwa unakakamaa ukipoa na punje zake zilijaa chaki, na walaji walilalamika. Watafiti wakaendelea kuchanganya mbegu mpaka 1985 ikatoka IR64, yenye amilosi ya katikati, na hiyo watu wakaipenda kweli. Hapa Tanzania tulipata TXD 306 mwaka 2002, ile tunayoiita SARO 5: inazaa vizuri na inanukia kiasi. Mimi bado naona haiifikii Supa kwa harufu. Lakini mkulima mwenye jaruba moja na watoto wa shule, simlaumu akiipanda. Kosa haliko kwa SARO. Kosa ni kuichanganya na Supa kwenye gunia moja na kuuza lote kwa bei ya Supa.

Na hili ndilo ninalolipigania. Mchele uliomliza mdogo wangu uliuzwa kwa jina la "Supa grade one". Hiyo grade inaeleza weupe na uchache wa chenga, na hata hapo walidanganya. Haisemi ni mbegu gani, umelimwa wapi, umevunwa lini. Tunaponunua samaki Mwaloni tunajua sato ni sato na sangara ni sangara, hakuna anayetusagia wote pamoja na kutuambia ni samaki daraja la kwanza. Kwa nini mchele tukubali? Naomba wafanyabiashara waandike mambo matatu kwenye kibao cha juu ya gunia: mbegu, wilaya, msimu. Na sisi wanunuzi tuulize kila siku, mpaka wachoke kutojibu.

Sikatai kwamba kupika ni ujuzi. Kuna mtu atakupikia wali mbaya kwa mchele bora, na mpishi hodari ataokoa mchele wa hovyo kwa kuutazama na kuusikiliza. Ila hawezi kuokoa wa aina tatu kwa mara moja.

Wiki iliyopita nilikwenda sokoni Kirumba kwa mama mmoja Msukuma ninayemwita Mayu. Nilimsalimu, nikamwuliza mchele wake ni mbegu gani. Alinitazama kidogo, kisha akaacha gunia la mbele, akainama nyuma ya meza na kufungua jingine. "Huu ni Supa mtupu, mwanangu, wa Magu. Wa mwaka jana. Nilinunua mpunga mwenyewe nikausimamia mashineni. Ule wa mbele ni mchanganyiko, sitakuficha." Bei ilizidi kidogo. Nilitafuna punje mbili, zikakatika kwa mlio mkavu, nikachukua kilo tano.

Mbili nilimpelekea mdogo wangu. Aliuzungusha kwenye ungo muda mrefu kabla hajaniuliza maji kiasi gani. Nikamwambia ni wa mwaka jana, aongeze nusu kikombe.