Hofu ya Kulipia Kiingilio: Majumba ya Mizuka Yakitazamwa Kutoka Tabora

Tarehe 9 Agosti 1969, katika bustani ya burudani ya Disneyland iliyoko Anaheim, California, lilifunguliwa jumba la mizuka liitwalo Haunted Mansion, ambalo kuta zake za nje zilikuwa zimekamilika tangu mwaka 1963 na kubaki bila kitu ndani. Sababu za kuchelewa huko zilikuwa za kawaida kabisa: mafundi walihamishiwa kwenye kazi za maonyesho ya dunia ya New York ya 1964 na 1965, mwenye kampuni, Walt Disney, akafariki Desemba 1966, na waliobaki wakavutana kama jumba liwe la kutisha au la kuchekesha. Lakini jumba lililofungwa kwa muda mrefu halikosi maneno ya watu, na kabla halijafunguliwa ukazuka uvumi kwamba mtu mmoja aliyeruhusiwa kulionja mapema alikufa kwa mshtuko wa moyo. Haukuwa wa kweli, na wala haukulidhuru jumba.

Mimi ni miongoni mwa mashabiki wa majumba ya aina hiyo, na kama walivyo wenzangu wengi wa Tabora, ushabiki wangu umelelewa na simu. Tiketi ya siku moja ya bustani ile huzidi dola 100 kabla mtu hajafikiria nauli ya ndege, kwa hiyo tunayoyajua tumeyapata kwa video ambazo wageni hurekodi wakiwa ndani ya vigari vya jumba. Mapenzi hayo hayakosi wa kuyahoji, na katika mazungumzo ya hapa mjini hoja mbili ndizo zinazorudi mara kwa mara. Ya kwanza ni ya dini na adabu, kwamba mauti na viumbe wa ghaibu si mambo ya kufanyiwa mzaha. Ya pili, ambayo naiona nzito zaidi, ni kwamba ukanda ambao hofu ya uchawi imegharimu maisha ya watu hauhitaji burudani ya kuongeza hofu. Zote zinastahili jibu, ila kwanza ni vema ieleweke jumba lenyewe linafanya nini, maana wengi wanaolilaani na wengi wanaolishangilia hawajalitazama kwa jicho la fundi.

Mgeni akishaingia hufungiwa pamoja na wenzake katika chumba chenye pembe nane ambacho kuta zake huanza kurefuka, na picha zilizotundikwa ukutani hufunuka kwa chini: msichana aliyeshika mwavuli kumbe amesimama juu ya kamba, na chini yake mamba amefunua kinywa. Siri ni kwamba chumba kile ni lifti inayoshuka. Jengo kubwa lenye maajabu yote limejengwa nje ya tuta la reli inayoizunguka bustani, hivyo wageni hawana budi kuteremshwa ili wapite chini ya reli, na mafundi wakaona shida hiyo ya ujenzi waigeuze kuwa kioja. Sisi ambao mji wetu umekua pamoja na reli tangu ilipofika hapa mwaka 1912 tunaweza kuifurahia akili hiyo kuliko wengine. Jumba la pili lilipofunguliwa Florida mwaka 1971 hapakuwa na kizuizi cha namna hiyo, lakini watu walikuwa wamekwisha kukipenda chumba kinachorefuka, basi huko sakafu ikaachwa palepale na dari ndiyo ikafanywa ipande.

Mbele zaidi kuna ukumbi ambamo mizuka inacheza dansi huku miili yao ikipenya nuru. Kati ya wageni na ukumbi ule kumesimamishwa kioo kikubwa mno kisichoonekana gizani; sanamu za wachezaji zipo juu na chini ya njia ya vigari, mahali ambapo jicho la mgeni halifiki, na zinapomulikwa taswira yake huangukia kwenye kioo na kuonekana kana kwamba inaelea miongoni mwa samani halisi. Kwa kuwa taswira ya kioo hugeuza kulia kuwa kushoto, katika ukumbi ule wanawake ndio wanaoonekana kuwaongoza wanaume katika dansi. Kasoro hiyo ndogo mashabiki wanaipenda pengine kuliko hila yenyewe. Kuna pia vichwa viwili vya mawe vinavyoonekana kumfuata mgeni kwa macho kila anakoelekea, navyo havina mtambo wowote: sura zimechongwa kwa kuingia ndani, mithili ya kinyago kilichogeuzwa nyuma, na ubongo wa binadamu, uliozoea nyuso zinazotokeza, hukataa kuziona zilivyo.

Hapa ndipo ulipo mvuto kwa mtu kama mimi. Anayetazama video anaweza kuisimamisha, kuirudisha, na kuitafuta kingo ya kile kioo. Wapo wanaosema kwamba huko ni kulikosa jumba, kwa sababu jumba ni giza lake, ubaridi wake na mayowe ya jirani, na shabiki wa simu anayejua kila hila ni sawa na mtu aliyesoma orodha ya vyakula akadai ameshiba. Nakubali nusu. Hofu kamili siijui. Lakini ninachokipata badala yake si kidogo, na mjadala wa mafundi wenyewe unaonyesha kwamba hofu haikuwa lengo pekee. Mmoja wao, Claude Coats, alitaka vyumba vizito vyenye giza na ukimya. Mwenzake, Marc Davis, alitaka vichekesho. Hakuna aliyeshinda, kwa hiyo nusu ya kwanza ya safari ni ya Coats na nusu ya pili, ile ya makaburini ambako mizuka inaimba, ni ya Davis. Mgeni huingia akiwa amekunja mabega na kutoka akicheka, na sidhani kama mmoja wao angelifikia matokeo hayo peke yake.

Kwamba binadamu hufurahia hofu ya kujitakia si jambo la Wamarekani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus waliwafunga wageni 110 vipimo vya mapigo ya moyo katika jumba la mizuka la Vejle, Denmark, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2020 walieleza kwamba raha ilikuwa kubwa kwa walioogopa kwa kiasi; walioogopa kidogo mno na walioogopa kupita kiasi walifurahi kwa uchache. Mtu wa Tabora hahitaji Denmark kulijua hilo. Wayeye, wale wacheza nyoka wanaofahamika kwa Wanyamwezi na Wasukuma, wanapomtoa chatu katikati ya ngoma, duara la watazamaji hupanuka kwa mayowe, na kabla ngoma haijabadili mapigo duara limekwisha kusinyaa tena, kila mtu akimsukuma mwenzake ili aone vizuri. Bibi anayesimulia habari za zimwi baada ya chakula cha usiku naye anajua ni wapi pa kushusha sauti na ni wapi pa kumwachia mtoto acheke. Hoja kwamba burudani ya hofu ni ugeni uliotujia kwa simu haisimami.

Hoja ya uchawi, hata hivyo, inasimama vizuri sana. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Tabora wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na miongoni mwa ishara zilizotumiwa dhidi yao ni wekundu wa macho, ambao kwa sehemu kubwa huletwa na moshi wa kuni na samadi wa miaka mingi jikoni. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya ramli na tamaa ya mali. Sheria ya Uchawi tuliyoirithi kutoka mwaka 1928 inakataza hata kumtaja mtu kuwa mchawi, lakini haijaweza kuyazima mambo hayo. Anayeuliza ni busara gani kuwaonyesha watu wa mazingira haya kichwa cha mwanamke kinachoongea ndani ya tufe la kioo, kama kilichomo katika jumba lile, hachezi na maneno, na shabiki anayemjibu kwamba ni mchezo tu hajamsikiliza.

Jibu langu linapitia kisa ambacho Rolly Crump, mmoja wa mafundi wa jumba la Anaheim, alikuwa akikisimulia. Yeye na fundi mwenzake, Yale Gracey, walikuwa na karakana iliyojaa mizuka ya majaribio, na wafanya usafi wa usiku wakaomba taa ziachwe zikiwaka. Mafundi wakaziacha, lakini wakaweka mtego wa mwanga usioonekana kwa macho: mtu akifika katikati ya chumba, taa zinazimika na mizuka inaamka. Asubuhi walikuta ufagio umelala sakafuni, na wakaarifiwa kwamba wenye ufagio hawatarudi tena. Mashabiki hukicheka kisa hicho. Mimi naona kina somo lisilochekesha sana. Mitambo ilikuwa ileile ambayo baadaye mamilioni waliilipia kiingilio. Tofauti ni kwamba wale wafanyakazi hawakuchagua kutishwa, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza usiku ule.

Hofu inayowaua bibi zetu inafanya kazi kwa masharti hayohayo. Mpiga ramli haonyeshi kioo chake, na anayemhoji huhesabiwa kuwa mshirika wa mchawi. Jumba la mizuka, likiendeshwa kwa uaminifu, linampa mtu jambo ambalo mpiga ramli hamruhusu, yaani kuogopa kwa dhati kisha kuzunguka nyuma na kukuta waya, balbu na fundi aliyeshika bisibisi. Kijana aliyeona kwamba mwili wake ulitetemeka kweli mbele ya taswira ya sanamu atakuwa na sababu ya kusita siku atakapoambiwa kwamba kutetemeka kwake ni ushahidi dhidi ya jirani. Sidai kwamba atasita kwa hakika. Nasema kwamba jumba linaloficha hila zake, lililowekwa katika mji wetu na kutangazwa kuwa lina mizuka ya kweli ili kuvuta wateja, lingekuwa upande wa mpiga ramli, na hapo ningejiunga na wanaolipinga.

Kuhusu dini, sina haja ya kurefusha. Mwislamu wa hapa anaamini kwamba majini wapo na kwamba waliokufa wako barzakhi; Mkatoliki huwaombea marehemu wote kila tarehe 2 Novemba; na katika mila za Wanyamwezi mizimu ni wazee wa ukoo wanaotambikiwa. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye mizuka 999 inayoimba makaburini, kama jumba la Anaheim linavyojisifu kuwa nayo, inaingia kirahisi katika itikadi yake. Disney wenyewe waliliona hilo: walipofungua jumba lao la Hong Kong mwaka 2013 waliwaondoa wafu kabisa, kwa kuzingatia namna Wachina wanavyowatazama waliokufa, wakaweka nyumba ya mkusanyaji wa vitu vya kale na tumbili wake anayefungua kasha la muziki lenye nguvu za ajabu. Lakini Japani, ambako mababu wanaheshimiwa kwa ibada kila mwaka, majumba ya mizuka ni starehe maarufu ya majira yaleyale ya joto yenye sikukuu ya mababu, na jumba la Tokyo lilifunguliwa pamoja na bustani yake mwaka 1983 likiwa na mizuka yake yote. Heshima kwa wafu, basi, haitoi jibu moja. Kila jamii huchora mpaka wake, na wetu hatujaukalia kikao.

Mpaka mmoja naweza kuupendekeza bila kusubiri kikao. Wapo vijana ninaojadiliana nao wanaotamani Tembe la Livingstone la Kwihara lipewe taa nyekundu na sauti za minyororo ili livutie watalii. Mahali pale palikuwa kwenye njia ya misafara ya pembe na watumwa. Livingstone aliondoka hapo Agosti 1872, na mwaka uliofuata watumishi wake, Chuma na Susi, walipita hapohapo wakiwa wameubeba mwili wake kuelekea pwani. Katika mji huuhuu Mtemi Isike alijilipua kwa baruti Januari 1893 asikamatwe na Wajerumani. Hawa ni wafu wenye majina na wajukuu. Ustadi wa jumba la Anaheim ni kwamba mizuka yake haikuwahi kuwa mtu yeyote, na mashabiki tunaopenda kulisifu hatuna budi kuiga na hilo.

Kuna pia suala la moto, ambalo mashabiki hulipita haraka. Tarehe 11 Mei 1984 vijana wanane waliteketea ndani ya jumba la kutisha katika bustani ya Six Flags Great Adventure, New Jersey; lilikuwa limeungwa kwa makasha ya matrela na halikuwa na vinyunyizio vya maji. Baada ya hapo Marekani ilikaza kanuni za majengo ya aina hiyo. Giza, njia za kupotezana na mapambo yanayowaka kirahisi ndivyo vinavyolitengeneza jumba, na ndivyo vinavyoligeuza kuwa mtego. Atakayetaka kutandika maturubai meusi kwenye viwanja vya Nanenane vya Ipuli aanze kwa kuwaita zimamoto.

Ningependa zaidi aanze shuleni. Ile hila ya kioo cha ukumbi wa dansi haikuzaliwa California. Henry Dircks aliibuni, na John Henry Pepper, mhadhiri wa sayansi, akairahisisha na kuionyesha mkesha wa Krismasi mwaka 1862 katika Royal Polytechnic ya London, taasisi ambayo kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu wa kawaida sayansi. Kioo cha dirisha, taa mbili, boksi lililopakwa rangi nyeusi na mwalimu wa fizikia vinatosha kumtoa mzuka katika shule yoyote ya sekondari ya Tabora, na somo la mwakisiko wa nuru limo katika mtaala tayari. Wazazi waalikwe, taa zizimwe, watu wapige mayowe yao. Kisha mwanafunzi awashe taa na kuwaonyesha mahali kioo kilipo.