Hajaswali miaka kumi, na jeneza halimpiti

Kibokoni, Mombasa, nina rafiki aliyeacha kuamini na kuswali yapata miaka kumi sasa. Hakumtangazia mtu. Ila jeneza likipita, atafunga duka akimbilie kutia bega, hata kama marehemu hamjui. Ramadhani anafuturu na wenzake barazani, na hitima, kisomo cha kuwaombea wafu, hakosi. Wachache wanaoijua siri yake humwita mnafiki. Naona wamemwonea.

Hoja wanayo, sikatai. Vitendo huhesabiwa kwa nia. Tena mkeka anaoukalia umetandikwa na wenye imani: ndio wanaoosha maiti, ndio wanaochimba kaburi, na wakiisha hao, yeye atazikwa na nani? Hilo la mwisho hana jibu, nami sina.

Lakini mnafiki hujionyesha asivyo. Huyu, swala ya jeneza ikiswaliwa, hubaki nje kwenye viatu vya watu. Nimemwona mwenyewe, kofia mkononi, akingoja watoke ili arudi kubeba. Haingii safuni kumhadaa aliye kando yake. Na kuzika ni faradhi ya kifaya, mzigo wa mtaa mzima. Anayeupunguza kwa bega lake amemkosea nani?

Sensa ya 2019 ilipata Wakenya 755,750 wasio na dini, katika watu milioni 47.6. Ni kama 16 katika kila 1,000. Hesabu hii hainitoki kichwani, kwa sababu karani wa sensa hamhoji kila mtu; humuuliza mkuu wa nyumba, naye huwajibia wote. Rafiki yangu anaishi kwa mamake, na mamake bila shaka alijibu "Muislamu". Wala simwoni mama huyo kuwa alidanganya: mwana anafuturu, anazika, anakwenda hitimani. Ni nyumba ngapi za Mombasa, za Waislamu na za Wakristo, zilizojibiwa hivyo?

Wengine humwambia atafute wenzake. Chama cha wasioamini kilisajiliwa Kenya mwaka 2016, na mwaka huohuo usajili ukasimamishwa. London tangu 2013 wapo wanaokutana kuimba na kusikiliza hotuba bila Mungu, wakijiita Sunday Assembly. Ni jambo jema, ila hao watampa watu wa kuzungumza nao tu. Usiku mama akizidiwa, anayetoka mbio kutafuta tuktuk ni jirani wa mlango wa pili, na jirani huyo alimpata kwa miaka ya futari na mazishi.

Kwa wazee wa mtaa naomba wamwache alipo, wasimhoji mbele za watu. Kwake nina lawama moja. Hitimani mwaka jana mzee mmoja alimpa juzuu ya Kurani asome, akasingizia mafua. Mzee yule alimpenda, na baadaye alimpelekea tangawizi dukani. Rafiki yangu angemvuta kando amwambie kweli. Mpaka leo hajamwambia, na kila wakionana mzee humuuliza kifua kinaendeleaje.