Mwaka wa kwanza ni wa nyuki
Nimesoma makala ya ufugaji nyuki, na hapo mwandishi wake anaposema kituo cha kulea watoto kikishapewa mizinga ya nyuki, asali itaanza kulipa ada na chakula mwaka uleule, ndipo ninapopinga. Nimesimamia mradi wa aina hiyo, na mwaka wa kwanza ni wa nyuki wenyewe: wajenge masega, malkia atage, waweke akiba ya kipindi ambacho hakuna maua. Ukiwapora akiba hiyo wanahama, na masega yaliyobaki yanaliwa na wadudu waitwao nondo wa nta. Wafadhili wanapenda kupiga picha na mizinga iliyopakwa rangi mpya. Kumlipa mtu wa kuikagua, aah, hapo wote kimya. Kisha inakuja haraka ya pesa. Mtu anavuna masega ambayo nyuki hawajayaziba kwa nta, asali ina maji zaidi ya asilimia 20, baada ya muda ndoo inatoa povu na harufu ya pombe, na mnunuzi ndiyo harudi tena. Kuhusu watoto, anayependa nyuki afundishwe, avae vazi kamili na wavu usoni, na asiye na hamu asilazimishwe, maana wapo ambao mwiba mmoja tu unawabana pumzi. Wao si vibarua wa mradi. Nyie mnaoendesha vituo, fedha ya asali mnaichanganya na matumizi ya kila siku, au mnawawekea wale wanaokaribia kutoka wakaanze maisha?