Niliipa 3, sasa naipa 7

Kila filamu ninayoitazama huwa naipa alama kati ya 10, na nikishaziandika daftarini ni nadra kuzigusa tena. Darwin's Nightmare, filamu ya hali halisi kuhusu biashara ya sangara wa Ziwa Victoria, ndiyo pekee iliyonirudisha kwenye daftari mara tatu.

Hubert Sauper, Mwaustria, aliipiga hapa hapa Mwanza, ikatoka mwaka 2004. Mwaka 2006 ikaingia kuwania Oscar, na mwaka huo huo Rais Kikwete akaikemea hadharani. Mjini kila mtu alikuwa na la kusema, hata ambaye hakuwahi kuiona.

Mara ya kwanza niliipa 3 kwa hasira, na sababu ni mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa. Shangazi yangu ametulea kwa mapanki. Alfajiri yuko sokoni Kirumba ananunua, akirudi anayaosha kwa chumvi na ndimu, kisha anayatumbukiza kwenye mafuta mpaka mifupa ya shavu inatafunika. Nyuma ya jicho la sangara kuna kinyama laini, watoto tulikuwa tunakigombania. Kwenye filamu mapanki ni tope, funza na mama aliyepoteza jicho. Niliona kama mtu kaingia jikoni kwetu, akapiga picha ya jaa tu, akaondoka.

Lakini yumo dada anayewaimbia marubani wa ndege zinazobeba minofu kwenda Ulaya "Tanzania, Tanzania", wimbo tuliouimba sote shuleni. Baadaye tunaambiwa ameuawa. Tangu hapo kila nikiusikia wimbo ule, uso wake unanijia. Filamu iliyonipa uso huo siwezi kuiacha kwenye 3. Naipa 7. Alama tatu nimezibana kwa sababu ya akina mama wa soko la samaki la Mwaloni wanaopigania bei ya dagaa kwa sauti ya juu na kujenga nyumba kwa fedha hiyo. Hao ni Mwanza pia, na sikuwaona.

The Last King of Scotland, 6. Forest Whitaker akiwa Idi Amin anatisha kweli na Oscar yake ya 2007 ni halali yake, ila Uganda nzima tunaionea machoni pa daktari wa Kiskoti ambaye ni wa kubuni.

Queen of Katwe ya 2016 naipa 8 bila kusita. Mira Nair ameishi Kampala, na inaonekana: Lupita Nyong'o anamcheza mama mchuuzi wa mahindi ambaye shida haimwinamishi. Ningeongeza moja kama wangezungumza Kiganda zaidi.

Ya juu kabisa kwangu ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, 9. Si ya ziwani, ni ya Unguja ya miaka ya 1950, ila Kiswahili chake kinatoka mdomoni kama maji mtungini, hakuna anayemtafsiria mgeni.

Mwaka jana nilimwekea shangazi ile ya Sauper. Nilidhani atakasirika kama mimi. Ilipofika kwenye mapanki alinyamaza, akasogeza kiti karibu na kioo, akamtazama yule mama wa jicho mpaka picha ikabadilika. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu anakaa wapi? Ana watoto?"

Nilirudisha nyuma tukamtazama tena. Sikuwa na jibu la kumpa.