Maafa yakipita, kodi ya nyumba ndiyo hupanda kwanza
Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema mlima au mto ukishaua watu, bei ya nyumba za eneo lile hushuka na wakazi huhama. Kwa hapa Mbeya sikubaliani naye. Mlima Kawetere ulipoporomoka Itezi, Aprili 2024, nilichoona mtaani kwetu ni wenye nyumba za tambarare kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, maana waliokimbia walitafuta vyumba wote kwa wakati mmoja. Kiwanja cha mteremkoni kikishuka bei hakikai bure: anakinunua asiye na uwezo wa kwingine, na dalali hamwambii kilichotokea pale. Na bima? Wengi wetu hatuna kabisa. Aliye nayo alilazimishwa na benki alipokopa, na mara nyingi ni ya moto. Maporomoko na mafuriko hayamo mpaka uyaongeze na kuyalipia. Tena mkataba ni wa mwaka mmoja, kwa hiyo baada ya maafa kampuni inaweza kupandisha ada au kukataa kuendelea nawe. Inaniuma sana kuona familia ikijenga upya palepale kwa mkopo wa vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana. Kuna msomaji yeyote aliyewahi kulipwa na bima kwa nyumba iliyofukiwa na udongo?